Waliobaki Wakiruka

Baba mdogo alikuwa mchimba visima. Alichimba Kigamboni, Mbagala, Kongowe, hadi Mkuranga, popote alipoitwa, na likizo za shule mimi ndiye niliyekuwa mvuta ndoo wake. Kazi ya mvuta ndoo iko juu. Mwenzako anashuka na jembe lililokatwa mpini, wewe unabaki na kamba mkononi. Ndoo ikijaa anaitingisha kamba mara mbili. Unavuta, unaenda kumwaga mchanga hatua kadhaa kutoka mdomoni mwa kisima ili uzito wake usije ukaubomoa, unarudi, unateremsha ndoo tena. Kutwa nzima ni hivyo, mpaka viganja vinatoka malengelenge. Miaka ile yote sikushuka hata mara moja. Baba mdogo alikuwa akiniambia, "Wewe kaa juu, mimi nisikie miguu yako." Alitaka kuzisikia nyayo zangu zikienda na kurudi. Zikinyamaza kwa muda, alikuwa anaita.

Kumbukumbu hiyo ilinirudia usiku mmoja nikitazama filamu ya Waingereza iliyotoka mwaka 1950. Tangu hapo nimeitazama mara nne, na mara ya nne niliitazama naye.

Filamu inaitwa The Wooden Horse, yaani farasi wa mbao. Aliyeiongoza ni Jack Lee, na wahusika watatu wakuu wameigizwa na Leo Genn, Anthony Steel na David Tomlinson. Haina rangi, na ukiitafuta vita ndani yake kama tulivyozoea kuiona sinema, mizinga na ndege zinazoteketea, hutaipata. Ni watu, uwanja, uzio na mchanga. Hadithi yenyewe ilitokea kweli. Eric Williams, mwanajeshi wa anga wa Uingereza ambaye ndege yake iliangushwa Ujerumani mwishoni mwa 1942, alikuwa mmoja wa wachimbaji. Aliandika kitabu, kikatoka 1949, kisha akaandika na filamu. Majina ndiyo yaliyobadilishwa: yeye mwenyewe anaitwa Peter, rafiki yake Michael Codner anaitwa John, na Oliver Philpot anaitwa Phil.

Mahali ni kambi ya mateka iliyoitwa Stalag Luft III, nje ya mji wa Sagan, ambao wakati huo ulikuwa Ujerumani na leo ni Żagań, ndani ya Poland. Kambi ilikuwa chini ya jeshi la anga la Ujerumani, na wengi wa waliofungwa humo walikuwa marubani na wenzao wa ndegeni. Wajerumani walipachagua pale kwa akili. Msitu wa misonobari pande zote, na chini ya miguu ni mchanga mtupu. Juu udongo ni wa kijivu, lakini ukikwaruza kidogo tu unakutana na mchanga wa njano. Mtu akichimba na kuumwaga uwanjani, mlinzi anauona kutoka mnarani. Mabanda ya kulala yaliinuliwa kutoka ardhini ili wapekuzi waweze kuchungulia chini yake, na yalikaa mbali na uzio, kwa hiyo handaki la kuanzia ndani ya banda lingekuwa refu mno. Juu ya hayo yote walifukia ardhini vinasa sauti vya kusikiliza mtetemo wa mtu anayechimba.

Nilipofika hapo nilisimamisha filamu nikacheka peke yangu gizani, kwa furaha ya kukutana na kitu ninachokijua. Mchanga ule ni wa kwetu. Kigamboni ni vilevile: juu una rangi ya majivu, futi moja chini unabadilika kabisa, na ukishaumwaga hata mtoto anajua kuna mtu kachimba. Tena mchanga ukitoka shimoni unavimba. Shimo dogo linatoa kichuguu. Mwenye nyumba alikuwa akija kukagua kazi, anatazama rundo halafu anachungulia kisimani, haamini kwamba mchanga wote ule umetoka mle. Sasa rundo hilo lifiche mbele ya watu wenye bunduki ambao kazi yao ni kulitafuta.

Jawabu walilolipata linashangaza kwa urahisi wake. Kama handaki la kuanzia bandani ni refu mno, basi lianzie karibu na uzio, uwanjani peupe, mlinzi akitazama. Wagiriki wa kale waliingiza askari mjini Troy ndani ya farasi wa mbao. Hawa walitaka farasi wa kutokea. Walitengeneza lile sanduku la mazoezi ambalo mtu hulikimbilia, huweka mikono juu yake na kulivuka kwa kuruka. Fremu ni mbao, kuta ni mbao nyembamba za masanduku ya Msalaba Mwekundu yaliyoleta vyakula vya mateka. Ndani uwazi. Kila siku wanalibeba kwa miti miwili iliyopitishwa ubavuni, wanalitua mahali palepale karibu na uzio, na wenzao wanaanza kuruka. Ndani kuna mtu. Anaondoa udongo wa juu, anafungua kifuniko cha mbao, anashuka na kuchimba. Muda ukiisha anafunga kifuniko, anarudishia ule udongo wa kijivu juu yake na kuusawazisha, ananing'inia ndani ya farasi pamoja na mifuko ya mchanga, na anabebwa kurudi.

Mifuko ile ilishonwa kwa miguu ya suruali. Mchanga uliishia kwenye dari za mabanda na kila uchochoro walioweza kuujaza.

Hebu wafikirie wabebaji wanne. Kwenda, farasi ana mtu mmoja tumboni, baadaye wakawa wawili. Kurudi, ana watu hao pamoja na mzigo wa mchanga. Na wao wanatakiwa watembee kama watu waliobeba sanduku tupu, wakipiga soga, wakipita mbele ya mlinzi, mabega yanaungua lakini uso umetulia. Yeyote aliyewahi kubeba ndoo ya mchanga mbichi anajua kwamba mwili hausemi uongo kwa urahisi. Shingo inakaza, mguu unapepesuka. Wao walifanya hivyo kuanzia Julai hadi Oktoba 1943.

Na kuna wale wanaoruka.

Mwanzoni, mara ya kwanza kuitazama, sikuwaona. Macho yangu yalikuwa chini ya ardhi pamoja na mchimbaji, kama kamera inavyotaka. Anachimba akiwa amelala kifudifudi, bila nguo, kwenye tundu linalomtosha mabega tu. Hewa inakwisha. Wanapenyeza fimbo ya chuma kwenda juu ili kupata kitundu cha kupumulia. Mwanzo wa handaki waliuegemeza kwa mbao, lakini huko mbele mbao hazikutosha, na mchanga ulikaa juu ya migongo yao kwa hisani yake wenyewe. Niliitazama sehemu hiyo nikiwa nimekunja vidole vya miguu.

Mara ya pili ndipo nilipokisikia kishindo. Mle handakini, juu ya kichwa cha mchimbaji, kuna mdundo: mtu anakimbia, anaruka, anatua. Kimya. Mwingine anakimbia, anaruka, anatua. Kishindo hicho ndicho kilichomwezesha kuchimba, kwa sababu chombo cha kunasa mtetemo kingesikia nini zaidi ya watu wanaofanya mazoezi? Na kishindo hichohicho kilikuwa kinamwambia kwamba wenzake bado wapo. Nikazikumbuka nyayo zangu juu ya kisima.

Tangu siku hiyo filamu hii kwangu imekuwa ya warukaji. Jiulize wao walikuwa wanapata nini. Handaki ni la watu watatu. Wale wengine wanajua tangu siku ya kwanza kwamba nafasi yao humo haipo. Chakula cha kambi ni haba, wanaishi kwa vifurushi vya Msalaba Mwekundu, na bado kila siku wanatoka kwenda kuzimaliza nguvu walizobaki nazo kwa kuruka sanduku. Mvua ikinyesha, jua likiwaka, mtu akiwa na maumivu ya kifundo cha mguu. Hawawezi kuacha, maana wakiacha mlinzi atajiuliza kwa nini sanduku limekaa pale. Hawawezi hata kuruka vizuri sana au vibaya sana bila kufikiri. Mapema kabisa walihakikisha mmoja wao analigonga farasi likaanguka ubavu, ili walinzi waone kwa macho yao kwamba ndani hamna kitu. Na kuna siku paa la handaki liliporomoka na tundu likafunguka juu, uwanjani, machoni pa wote. Mrukaji mmoja akajiangusha palepale, akalala juu ya tundu akigugumia kama aliyevunjika, wenzake wakamzunguka kumhudumia, na chini yake mchimbaji anahangaika kuziba. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na sekunde moja ya kuamua, akautumia mwili wake kama kifuniko.

Kati ya warukaji wa kweli wa kambi ile alikuwamo Peter Butterworth, mwanajeshi wa anga wa jeshi la majini, ambaye baada ya vita alikuwa mwigizaji na Waingereza wakampenda sana katika filamu za vichekesho. Filamu hii ilipokuwa inatafuta waigizaji alikwenda kuomba nafasi. Walimkataa. Walimwona hana sura ya shujaa wala umbo la mwanamichezo. Mtu aliyeruka farasi lenyewe, kambini kwenyewe, mbele ya bunduki zenyewe, akaambiwa hafanani na waliokuwa wakiruka. Habari hii imeniuma kuliko tukio lolote ndani ya filamu. Naamini ndiyo inayoonyesha pale ambapo Jack Lee, kwa ustadi wake wote, alikosea: warukaji wake ni vijana wenye vifua, na nusu yao huwezi kuwatofautisha. Waliobeba kazi hasa walikuwa watu wa kawaida, wembamba kwa njaa, wengine wafupi, wengine wa kuchekesha.

Kwa maoni yangu filamu inapungua nguvu wakishatoka. Peter na John wanapanda treni hadi bandari ya Stettin, wanajificha, wanatafuta meli, wanafika Denmark na hatimaye Sweden. Phil anasafiri peke yake, akijifanya mfanyabiashara wa siagi ya mimea kutoka Norway, na anawahi kufika kabla yao kwa kupitia Danzig. Yote hayo ni kweli na yalihitaji moyo. Lakini mimi nilikuwa bado nimebaki kule uwanjani, nikitaka kujua farasi lilibebwa vipi kesho yake, na nani alijibu nini kwenye hesabu ya asubuhi.

Watatu walitoka na watatu walifika kwao. Wote walipewa nishani ya Military Cross. Kwa sheria za kimataifa za wakati ule, mkataba wa Geneva wa 1929, mateka aliyekamatwa akitoroka aliadhibiwa kwa kifungo kisichozidi siku 30. Miezi mitano baadaye, Machi 1944, watu 76 walitoka kambi hiyohiyo, katika uwanja wa upande wa kaskazini, kwa handaki jingine kubwa zaidi. 73 walikamatwa, na kwa amri ya Hitler 50 kati yao wakapigwa risasi. Ukiijua habari hiyo, kila mrukaji unamtazama kwa jicho jingine. Hakujua mpaka wa adhabu ungesogea lini.

Sasa nifike kwa Codner, yule anayeitwa John. Ndiye niliyempenda zaidi: mpole, mwenye mawazo, na inasemwa kwamba wazo la farasi walilizaa pamoja na Williams. Baada ya vita alikwenda Malaya, nchi iliyotawaliwa na Waingereza ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, kuwa ofisa wa utawala wa kikoloni, msaidizi wa mkuu wa wilaya katika mji wa Tanjong Malim. Machi 1952 alitoka na kundi la watu kwenda kutengeneza bomba la maji lililokatwa na wapiganaji wa msituni. Wakaviziwa njiani, akauawa pamoja na wengine kadhaa. Mtu aliyechimba mchanga miezi minne bila kufukiwa alikufa akiwa safarini kwenda kutengeneza maji. Nilikaa na habari hiyo muda mrefu.

Lakini haikuishia kwake. Mkuu wa serikali ya Waingereza kule, Jenerali Templer, aliuadhibu mji mzima. Watu wa Tanjong Malim walifungiwa majumbani saa 22 kwa siku na mgao wao wa mchele ukapunguzwa, aliyehusika na asiyehusika. Oktoba ya mwaka huohuo hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Ukipita kwa basi kati ya Voi na Mtito Andei utakiona kibao cha Manyani. Pale Waingereza walizungushia seng'enge maelfu ya watu waliowekwa kizuizini bila kushitakiwa. Na kule Hola, kambi nyingine ya kizuizini hukohuko Kenya, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa na walinzi hadi kufa. Miaka ileile ndiyo sinema za Uingereza zilijaa hadithi za mateka wao waungwana nyuma ya seng'enge za Wajerumani, zikiwafundisha watoto wao kwamba mtu aliyefungiwa ana haki, hata wajibu, wa kutafuta njia ya kutoka. Fundisho hilo ni la kweli. Mimi nalipokea lote, na ndiyo maana nalidai kwa ajili ya watu wa Manyani pia, ambao hakuna aliyewapigia picha ya sinema wakiwa na sura za kishujaa.

Sikuacha kuipenda filamu baada ya kuyajua haya. Nimeipenda kwa namna nzito zaidi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia Baba mdogo. Sasa ana miaka sabini na kitu, magoti hayamruhusu tena, na kikohozi cha vumbi la miaka ile hakijamwacha. Nilimwekea kompyuta mezani, nikamwambia, "Baba mdogo, tazama hawa wachimbaji wenzako." Kiingereza hakijui. Hakukihitaji. Alisogeza kiti, akainamia kioo.

"Huyo hakuweka mbao?" aliuliza mchimbaji aliposogea mbele.

"Mbao zimekwisha."

"Basi atafukiwa, mwanangu. Mchanga mkavu huo. Angeulowesha kidogo." Akanyamaza. "Maji atayatoa wapi, maskini."

Aliitazama yote bila kunyanyuka. Ilipokwisha nilimsimulia siku yenyewe ilivyokuwa, tarehe 29 Oktoba 1943. Codner alitangulia kufungiwa handakini mchana, akabaki peke yake gizani akichimba kuelekea mwisho, kwenye tundu la zaidi ya mita 30. Jioni farasi lilibebwa kwa mara ya mwisho kwa ajili yao. Ndani wamejibana watu watatu: Williams, Philpot na mwenzao mwingine ambaye hakuwa anaondoka. Wawili wakashuka. Huyo wa tatu akafunga kifuniko juu ya vichwa vyao, akarudishia mchanga, akatandaza udongo wa kijivu kwa viganja hadi pakafanana na kwingine kote, kisha akaning'inia ndani ya farasi. Juu yake warukaji wakamaliza zamu yao kama siku zote. Wanne wakabeba, wakamrudisha kambini.

Baba mdogo alikuwa anatazama mikono yangu, si kioo. Sijui alikuwa anafikiri nini. Baadaye akasema, "Turudie pale wanaporuka."

Nikarudisha nyuma, nikapandisha sauti ili asikie miguu.